Nimekabidhi ofisi: mwaka mmoja nikiwa Waziri wa Mikopo wa serikali ya wanafunzi hapa Mtwara

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nimekabidhi ofisi. Nilichokabidhi ni ufunguo mmoja, kaunta buku mbili zilizojaa, na boksi la karatasi ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua: barua za watendaji wa vijiji, fomu za mkopo zilizokosewa, vyeti vya kuzaliwa. Mdogo wangu aliyenipokea, yuko mwaka wa pili na ni mtu makini sana, akaniuliza, "Mheshimiwa, kazi yenyewe inaanzia wapi?" Nikamwambia aanze kwa afisa mikopo, amzoee, ajue siku anazopatikana. Nilipofika geto usiku nikaona sijamjibu. Kazi yangu haikuanzia pale. Ilianzia kwenye ghala la korosho.

Chuo sitakitaja, na watu sitawataja. Waliosoma hapa watajua ninapoongelea, inatosha.

Niligombea Mei mwaka 2024, siku zilezile za Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ilipokatika kule Somanga na baadhi ya wenzetu wakakwama njiani. Sera yangu ilikuwa fupi: bumu, yaani ile hela ya kujikimu ya mkopo, kwa wakati. Ukumbi mzima ulinipigia makofi. Leo najua nilikuwa naahidi kitu kisicho mkononi mwangu. Waziri wa Mikopo wa wanafunzi hashiki hata shilingi moja ya mkopo. Fedha ni ya Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Sehemu ya ada inakwenda chuoni, sehemu ya kujikimu inakwenda kwenye akaunti ya mwanafunzi akishasaini. Anayewasiliana na Bodi ni afisa mikopo, naye ni mwajiriwa wa chuo. Waziri ni mwanafunzi kama wengine, ana kipindi saa moja asubuhi, na ana kaunta buku.

Ile kaunta buku niliichora safu nne: jina, shida, tarehe ya kuja, tarehe ya kumalizika. Chuo kilipofunguliwa mwishoni mwa Oktoba nilijiandaa kupokea watu wa bumu. Walikuja, lakini hawakuwa wengi kama nilivyodhani. Waliojaza kurasa walikuwa watu wa ada: waliopata mkopo unaofunika sehemu tu ya ada, na waliokosa kabisa. Nilipoongeza safu ya tano, "nyumbani ni wapi", ndipo nikaelewa. Tandahimba. Newala. Masasi. Nanyumbu. Ruangwa. Liwale. Nachingwea. Tandahimba tena.

Mimi mwenyewe ni mtoto wa Newala. Sijui kwa nini ilinichukua wiki tatu kuona kitu nilichokulia ndani yake.

Kwa ambao hamjaishi huku: hizo zote ni wilaya za korosho. Korosho inaanza kuokotwa kuanzia Septemba hivi, kutegemea mvua na dawa. Mzee anaokota, anaanika, anapeleka chama cha msingi cha ushirika, inapimwa, anapewa stakabadhi. Mzigo unakwenda ghala kuu, unasubiri mnada. Mnada ukishapita, mnunuzi alipe kwanza, ndipo fedha ishuke chama kikuu, ishuke chama cha msingi, iingie kwenye akaunti ya mkulima. Huo ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, huku kwetu tuko nao tangu 2007. Kwa familia nyingi hela inashikika Novemba, Desemba, wengine Januari. Chuo kinataka sehemu ya kwanza ya ada mwanafunzi anaporipoti, na asiyekamilisha anaweza asiingie kwenye tesiti. Tesiti ya kwanza inaangukia palepale katikati.

Pengo hilo la wiki tano, sita ndilo lililokula mwaka wangu.

Na pengo lina mtu wake anayelisubiri. Anakuja kijijini na noti mkononi, ananunua kabla ya mnada kwa bei ya kutupa. Ndiyo kangomba. Serikali imeipiga marufuku miaka mingi, na kila msimu ipo, kwa sababu kila msimu kuna mzazi aliyepigiwa simu na mtoto akilia kwamba kesho anafungiwa mlango wa tesiti. Msimu ule bei kwenye minada ya kwanza ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kuna baba wa mwenzetu aliyeuza kwa kangomba siku kumi kabla, kwa chini ya nusu ya hiyo, ili mwanawe asajiliwe. Nikiiandika hii bado moyo unaniuma.

Naendelea chini, simu inaishiwa chaji.

———

Sehemu ya pili

Ilikuwa Jumatano mchana, joto la Novemba mnalijua. Kijana wa mwaka wa pili akaingia, hakukaa. Akaweka simu juu ya meza, sauti ya nje imewashwa. "Mheshimiwa, mzee anataka aongee na wewe."

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mkubwa wa mikopo?"

Nikamweleza mimi ni mwanafunzi, nasaidia tu.

"Haya. Mimi korosho yangu iko ghalani. Karatasi ninayo hapa. Nikusomee?" Akaanza kuisoma, pole pole, namba kwa namba, jina la chama, tarehe, uzito, daraja la kwanza. Alipofika kwenye uzito akarudia mara mbili ili nisikosee. Nikajikuta naandika kila kitu kwenye kaunta buku kana kwamba mimi ndiye karani. Kisha akasema, "Mnada ni Ijumaa ya wiki ijayo. Hela yangu ipo, haijafika tu. Nimwambie nani anisubiri?"

Kijana alikuwa anaangalia sakafu. Mimi sikuwa na jibu la kumpa yule mzee, nikamwambia anipe siku mbili.

Usiku ule nikakumbuka mwaka 2018. Nilikuwa kidato cha pili. Wanunuzi walikuja na bei ndogo, wakulima wakakataa kuuza, Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kusomba. Bei ilikuwa nzuri, kijiji kilishangilia. Lakini uhakiki ulikuwa mrefu, na wako waliongoja hela hadi mwaka mwingine ukaingia. Baba alikuwa na karatasi kama ile, ameikunja mara nne ndani ya mfuko wa shati la kutokea. Mama akifua shati anaitoa, anaiweka chini ya redio, akimaliza anairudisha. Pale nyumbani ile karatasi ilikuwa na heshima ya hela. Duka la mtaani lilitukopesha chumvi na sukari kwa kuiona tu.

Basi nikajiuliza: kama mwenye duka anaikubali, chuo kinashindwa nini?

Asubuhi nikaenda ofisi ya uhasibu. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba chuo hakipokei korosho. Sikukasirika, yule mama alikuwa anafuata mwongozo wake na foleni ilikuwa imefika nje. Nikarudi kwa mshauri wa wanafunzi na ombi la maandishi, ukurasa mmoja: mwanafunzi alete nakala ya stakabadhi ya mzazi pamoja na barua ya chama cha msingi, apewe ruhusa ya muda ya kufanya tesiti, iwe na tarehe ya mwisho, na asipolipa kufikia tarehe hiyo asiingie mtihani wa mwisho wa muhula. Kikao cha kwanza hakikuamua kitu. Cha pili wakauliza nani atahakiki karatasi zisiwe za kughushi. Nikasema namba za simu za vyama vya msingi zipo, nitapiga mimi mwenyewe na mwenzangu wa wizara. Cha tatu wakakubali, kwa tesiti ya kwanza tu, kwa majaribio.

Tulipiga simu kweli. Makarani wa vyama vya msingi nawashukuru sana, walikuwa katikati ya msimu, vumbi na magunia, na bado walituambia, "Subiri nifungue kitabu." Waliopata ruhusa walijaza kurasa mbili na nusu za kaunta buku. Tarehe ilipofika nikawa napiga alama ya vema safu ya nne. Wanne tu walichelewa, na watatu kati yao ni kwa sababu mnada wa chama chao ulisogezwa mbele.

———

Mzazi wa Tandahimba ameandika:
Binti yangu hongera, Mungu akutunze. Mimi nina mtoto chuo mkoa mwingine. Huku mtaani tunaambiwa mwenye mkopo halipi kitu, kwa hiyo mtoto akiomba hela tunaona anatudanganya. Hebu tueleweshe.

Shikamoo mzee wangu. Hakudanganyi. Mkopo una mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo, na mengine kulingana na kozi. Mtu anaweza kupata chakula na malazi kamili, na ada akapewa sehemu tu, kulingana na hali ya familia ilivyoonekana kwenye maombi yake. Inayobaki ni ya nyumbani. Na ile ya kujikimu ni shilingi 10,000 kwa siku kwa anayepata kiwango cha juu, ndani yake kuna kula, chumba, nauli ya bajaji, sabuni. Akipanga chumba Chikongola au Magomeni, kodi yenyewe inadaiwa miezi kadhaa mbele. Ukitaka kumwamini zaidi mwambie akuonyeshe mgawanyo kwenye akaunti yake ya maombi, fungu kwa fungu. Wazazi wengi wakiuona ule mgawanyo wanatulia, na watoto nao wanapumua.

———

Mkongwe wa Mlimani ameandika:
Mdogo wangu unaongea vizuri lakini vikao vitatu kwa haki ya wazi ni vingi. Mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu akawarudisha nyumbani karibu 400. Mwaka 1978 wakaandamana tena, safari hiyo kupinga viongozi kujiongezea marupurupu, wakafukuzwa. Walilipa gharama lakini walisikika. Kwa nini ninyi hamkugoma?

Kaka, nakuheshimu, na wale wa 1966 na 1978 nawaheshimu. Nikupe tukio moja uone nilivyofikiri.

Muhula wa pili bumu la wanaoendelea lilichelewa. Vyuo vingine walishasaini, sisi kimya. Watu wakakusanyika chini ya miembe, wakaniita. Nimeshawahi kusimama mbele ya watu, lakini siyo mbele ya watu wenye njaa. Dada mmoja alisema amekula ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha siku tatu kwa sababu ndiyo aliyoimudu sokoni, na hakusema kwa kuchekesha. Walitaka kuanza kugoma kesho yake. Nikaomba siku mbili.

Sikwenda kuomba huruma. Nilikwenda na swali moja: jina letu limekwama hatua gani? Maana mwanafunzi anayeendelea halipwi mpaka chuo kithibitishe matokeo yake kwa Bodi. Nilizungushwa ofisi tatu. Ya tatu ndiyo iliyosema kweli: matokeo ya somo moja, somo moja tu linalosomwa na kozi tatu, hayajaingizwa. Karatasi zipo, zimesahihishwa, zimefungwa kwa kamba ya katani, ziko juu ya kabati. Niliziona kwa macho yangu. Vumbi la juu lilikuwa na alama ya vidole vya mtu aliyezisogeza akitafuta kitu kingine.

Ziliingizwa usiku uleule, na wiki iliyofuata tulisaini.

Kwa hiyo sisemi mgomo ni kosa. Wala sidai kwamba busara yangu ndiyo iliyofungua kabati. Zile siku mbili ofisini walinisikiliza kwa sababu walijua watu wako chini ya miembe. Ila wenzangu wangegoma bila kujua kilichokwama, tungepigania ahadi ya jumla, "itashughulikiwa", na karatasi zingebaki palepale juu ya kabati. Nilichokosea ni kwamba niliisubiri hasira. Swali lile ningeuliza wiki mbili nyuma, yule dada angekula chakula chake vizuri. Aliyenipokea nimemwandikia ukurasa wa kwanza kabisa: matokeo yakitoka, uliza somo kwa somo.

———

Mwaka wa Kwanza Mtarajiwa ameandika:
Dada shikamoo. Mimi nimemaliza kidato cha sita, niko Nachingwea. Nianze na nini?

Marahaba mdogo wangu. Anza na jina lako. Chukua cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne, viweke mezani pamoja, soma herufi kwa herufi. Nilikuwa na kijana hapa, cheti kimoja kinasema Saidi, kingine Said. Aliweka kidole juu ya ile i ya mwisho kama anataka kuifuta kwa ukucha. Kuipata sawa kulimgharimu kiapo kwa wakili, safari mbili na mwezi mzima. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na cheti cha kifo cha mzazi aliyefariki vilevile, usisubiri dirisha la maombi lifunguke ndipo uanze. Namba yako ya mtihani wa kidato cha nne ndiyo utambulisho wako kwenye mfumo, ukikosea tarakimu umejiombea mkopo wa mtu mwingine. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, iweke mapema. Fomu itahitaji mdhamini, saini na mhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu. Kama kaya yenu iko TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hakikisha hiyo taarifa inaingia, watu wengi wanaona aibu kuisema na ndiyo ingewasaidia. Ukishamaliza, hifadhi nakala ya kila kitu.

Ukikwama niandikie humuhumu, nitakuona.

———

Sehemu ya mwisho

Kuna mengine nayapita haraka. Bunge la wanafunzi lilinihoji kuhusu fedha za vocha na nauli, mbunge mmoja akasema wazi kwamba nimekula. Nilifungua kaunta buku mbele yao, risiti zimegundishwa, tukasoma hadi saa tano usiku. Iliniuma, lakini alikuwa na haki ya kuuliza, na ningependa aulize na wa mwaka huu. Masomo yangu yaliyumba, nilipata supu moja, yaani mtihani wa marudio, nikaifanya, nikafaulu. Ombi la stakabadhi liwe utaratibu wa kudumu bado halijajibiwa. Limo kwenye makabidhiano, ukurasa wa pili.

Lililobaki ni la boksi.

Januari, katika vile vyeti, kimoja kilikuwa cha binti wa mwaka wa kwanza kutoka Liwale. Baba yake alishafariki, mama analima ufuta na mikorosho michache. Alikosa mkopo awamu zote, akabakiwa na rufaa. Alikuja ofisini Ijumaa jioni na karatasi zake zote kwenye bahasha ya kaki. Nilikuwa na tesiti Jumamosi. Niliangalia juujuu, nikamwambia zimekamilika isipokuwa cheti cha kifo hakijahakikiwa, njoo Jumatatu tukae. Dirisha la rufaa lilifungwa Jumapili usiku. Tarehe ile ilikuwa imeandikwa kwenye tangazo lililobandikwa ukutani nyuma ya kiti changu. Yeye alikuwa anatazamana nalo, mimi nililipa mgongo.

Jumatatu alikuja. Nilimwambia kweli. Hakulia, alisema, "Haya dada, basi." Wiki mbili baadaye alirudi kwao, bahasha ameiacha.

Nimeliweka hili mwisho kwa sababu kila nikipongezwa kwa zile kurasa mbili na nusu za alama za vema, nakumbuka mstari wake. Safu ya nne iko wazi mpaka leo. Aliyenipokea aliuona akauliza kama aufute. Nikamwambia auache.

Juzi baada ya makabidhiano nilimpigia. Nilihangaika kupata namba, niliipata kwa mwenzake wa hosteli. Akapokea, nyuma yake nasikia wanawake wanaongea na mlio wa korosho zinabanguliwa, ule wa kijiti na jiwe. Nikamwomba radhi. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Dada, cheti changu bado unacho?"

Nikamwambia ninacho.

"Usikitupe. Mama ameshanipa hela ya kuomba tena."

Nilikitoa kwenye boksi kabla sijakabidhi ufunguo. Nimekiweka ndani ya bahasha mpya na kile cha kifo cha baba yake, sasa kimehakikiwa, nilikishughulikia mwenyewe mwezi wa tatu. Nimeandika jina lake na namba yake ya simu kwa kalamu nene pande zote mbili. Kesho alfajiri nakwenda stendi Mkanaledi, kuna basi la Liwale, kondakta nimeshaongea naye.